Kinanda kinachozunguka: Oblivion Express walikuwa akina nani?

Swali kutoka kwa msomaji wa Morogoro:

"Mwalimu, shikamoo. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Katika sanduku lake nimekuta kanda ya dakika 90 iliyoandikwa kwa kalamu 'Oblivion Express – Closer'. Haina jalada wala majina ya nyimbo. Kuna tumba, kuna besi inayorudia jambo lilelile mpaka unajikuta unatikisa kichwa, kuna mtu anaimba kama waimbaji wa soul (ni mzungu huyu au si mzungu?), na kuna kinanda kinacholia kama kinazunguka chumbani. Ni akina nani hawa? Ni jazz au ni roki? Mbona sijawahi kuwasikia redioni? Mimi napiga kinanda kanisani, hivi vya kawaida vya plastiki. Sauti ile nitaipataje?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mjomba. Kwa kanda hiyo moja tu naweza kukuambia alikuwa mtu mwenye masikio. Mabaharia wengi wa enzi zile walirudi nyumbani na redio na saa za mkononi. Yeye alirudi na Brian Auger.

"Closer" ni kifupi cha Closer to It!, santuri iliyotolewa na kampuni ya RCA mwaka 1973. Bendi yenyewe ni Brian Auger's Oblivion Express. Na ndiyo, anayeimba ni mzungu: ni Brian Auger mwenyewe, Mwingereza wa London aliyezaliwa mwaka 1939, na huyohuyo ndiye anayepapasa kinanda. Besi inacharazwa na Barry Dean, gitaa ni la Jack Mills, dramu ni za Godfrey MacLean, na zile tumba zilizokushika ni za Lennox Laington. Watu watano tu, ingawa ukiwasikiliza gizani utadhani ni wanane.

Sasa hilo la jazz au roki. Wewe ni mtu wa Morogoro, mji wa Morogoro Jazz, kwa hiyo tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Kwetu "jazz" ni bendi ya dansi: magitaa yanapishana, matarumbeta yanaitikia, ukumbi umejaa. Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, hakuna hata moja iliyojiona inadaiwa na Wamarekani. Closer to It! ilitoka mwaka uleule Mbaraka Mwinshehe alipoiaga Morogoro Jazz akaenda kuunda Super Volcano. Kwa maana ya jazz ya nyumbani kwenu, Oblivion Express ni jazz band halali kabisa, maana mtu mwenye miguu miwili hawezi kukaa kitako wakipiga. Kwa maana ya Wamarekani na Waingereza, hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wenye jazz walisikia dramu zimekaza mno na gitaa lina umeme mwingi. Wenye roki walisikia kodi ngumu (za muziki, yaani noti kadhaa zikipigwa pamoja, si zile za mapato) na solo zisizo na haraka ya kwisha. Auger aliusimamia mchanganyiko huo kwa makusudi. Alikuwa amekulia pande zote mbili na hakuona sababu ya kuchagua.

Nikueleze alikotoka, kwa sababu kunaeleza sauti unayoisikia. Alianza kama mpiga piano wa jazz katika vilabu vya London, na mwaka 1964 wasomaji wa gazeti la muziki la Melody Maker walimpa kura za juu upande wa piano. Mtu wa namna hiyo alitakiwa atulie pale pale alipo. Lakini akapita duka la santuri akasikia Back at the Chicken Shack, kazi ya Jimmy Smith, bwana mkubwa wa ogani kutoka Marekani. Hakuwa amewahi kusikia kinanda kikitendwa vile. Akatafuta ogani yake mwenyewe ya umeme, aina ya Hammond, na piano ikakaa kando.

Mwaka 1965 akashiriki kuunda kundi la Steampacket, lenye waimbaji watatu mbele: Long John Baldry, Julie Driscoll, na kijana mmoja ambaye bado hakuwa mtu mkubwa, Rod Stewart. Kundi lilijaza kumbi, lakini kila mmoja alikuwa na mkataba na meneja wake, wakashindwa hata kutoa santuri moja rasmi pamoja. Mwaka huohuo Auger aliitwa studio kuwasaidia The Yardbirds katika wimbo wao For Your Love. Ile ala inayolia kama nyuzi zinadonolewa mwanzoni ni yeye, kwenye harpsikodi. Wengi wameusikia mkono wake humo bila kulijua jina lake, na utaona kwamba jambo hili linajirudia katika maisha yake yote.

Steampacket ilipovunjika, yeye na Julie Driscoll waliendelea na kundi lililoitwa The Trinity. Hapo walipata umaarufu wa kweli: mwaka 1968 wimbo wao This Wheel's on Fire, uliotungwa na Bob Dylan na Rick Danko, ulifika nafasi ya 5 Uingereza. Jimi Hendrix alipotua London mwaka 1966 bila kujulikana na mtu, bendi ya Auger ilikuwa miongoni mwa zile alizopanda nazo jukwaani siku za mwanzo. Driscoll akaondoka mwaka 1969, umaarufu ukaondoka naye, na Auger akabaki na uhuru.

Mwaka 1970 akaanza upya. Jina alilolichagua ni utani mchungu: oblivion ni kusahauliwa, express ni treni isiyosimama njiani. Treni ya moja kwa moja kwenda kusahaulika! Alijua vizuri kwamba muziki aliotaka kuupiga haukuwa na soko, na akaliandika hilo kwenye jalada kabla watu hawajamwambia.

Kikosi cha kwanza kilikuwa Jim Mullen kwenye gitaa, Barry Dean kwenye besi na Robbie McIntosh kwenye dramu. Santuri ya kwanza, ya mwaka 1971, ina ukali. Inafungua na Dragon Song wa John McLaughlin, na ogani inanguruma kama gari la mizigo linalopanda Kitonga. Mwaka huohuo wakatoa A Better Land, ambayo ni pole, yenye magitaa makavu na sauti za kuitikiana, hata wimbo mmoja wa jadi wa Uskoti umo. Ni kama santuri mbili za bendi mbili. Mimi naisikiliza A Better Land Jumapili jioni peke yangu, simpi mgeni.

Mwaka 1972 ikaja Second Wind na ndani yake sauti mpya, Alex Ligertwood, Mskoti wa Glasgow. Huyu ni mwimbaji hasa. Ana koo linaloweza kupasua paa halafu likateremka polepole bila kukwaruza. Humo utakuta Freedom Jazz Dance wa mpiga saksofoni Eddie Harris, wimbo ambao hata Miles Davis aliurekodi. Melodi yake ina miruko ya ajabu ambayo wapigaji wenyewe huiogopa, na Ligertwood anaiimba, kwa maneno, kana kwamba ni kiitikio cha harusini. Nakuomba uusikie mara tatu kabla hujanijibu.

Baada ya Second Wind bendi ikapukutika. McIntosh akaenda zake, Mullen akaenda, Ligertwood naye. Akabaki Auger na Barry Dean. Hapo ndipo kanda ya mjomba wako inapoingia. Kiti cha mwimbaji kilikuwa wazi, na Auger akakikalia mwenyewe.

Nina neno hapa, na wapenzi wengi wa bendi hii watanikatalia. Kwa uwezo wa koo, Ligertwood anamshinda Auger mbali sana, hakuna mjadala. Lakini Closer to It! ndiyo santuri bora kuliko zote, na ni bora kwa sababu hiyohiyo kwamba mwimbaji wake si mkubwa. Sauti ya Auger haina kimo. Haipandi juu ya bendi. Inakaa katikati ya tumba na besi kama abiria aliyepata nafasi dirishani, inasema la kusema, inaacha ogani iendelee. Wewe mwenyewe ulipoeleza kanda ulianza na tumba, ukaja besi, ndipo ukamtaja mwimbaji. Ungekuwa unaisikiliza Second Wind ungeanza na mwimbaji.

Kuna nyimbo mbili humo ambazo si zake, na zinalionyesha jambo hili wazi. Inner City Blues ni ya Marvin Gaye, kutoka mwaka 1971. Compared to What ni ya Gene McDaniels, na dunia iliijua zaidi kwa Les McCann na Eddie Harris walipoipiga kwenye tamasha la Montreux, Uswisi, mwaka 1969. Zote ni nyimbo za malalamiko ya watu weusi wa Marekani: kodi (hizi sasa ni za mapato), vita, ugumu wa maisha. Mwingereza akiziimba kwa kuigiza uchungu angechekesha. Auger haigizi. Anaimba kama anayesoma barua ya jirani kwa sauti, na uchungu anauachia mkono wa kulia.

Na mkono wa kushoto? Jibu langu lote liko hapo, mengine nimezunguka tu.

Jimmy Smith na wapiga ogani wa jazz waliomfuata walizoea kupiga katika kundi la watu watatu lisilo na mpiga besi. Besi ilikuwa kazi ya mkono wa kushoto wa mpiga ogani, akisaidiwa na miguu kwenye pedali. Ni ufundi mkubwa, lakini unaufunga mkono: kutwa nzima unatembeza noti za chini. Auger alimweka Barry Dean kwenye besi, na mkono wake wa kushoto ukafunguliwa. Akaupa kazi nyingine, ya kukata. Anadonoa kodi fupifupi katikati ya mapigo, kavu, hazirefuki, wakati mkono wa kulia unasimulia. Unaijua kazi hiyo. Katika bendi za dansi ni ya gitaa la rithimu, yule bwana anayesimama nyuma ya mpiga solo, hakuna anayempigia makofi, na siku akiugua dansi linalala. Auger alikuwa mpiga solo na mpiga rithimu katika mwili mmoja.

Kwa hiyo usiisikilize kanda hiyo kwa kufuata solo. Chukua wimbo wa kwanza, Whenever You're Ready, usiusikilize mkono wake wa kulia, utafute ule wa kushoto peke yake. Ukishaupata hutaweza tena kuuacha. Na tafadhali usitumie simu. Spika ya simu haina besi, na bendi hii bila besi ya Dean ni nyumba bila nguzo. Azima spika, hata ile ya kanisani.

Sasa sauti inayozunguka. Umesema kinanda kinalia kama kinazunguka chumbani, na hukukosea, kitu kinazunguka kweli. Tena vinazunguka vitu viwili.

Cha kwanza kiko ndani ya ogani. Hammond B-3, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1954, haina hewa ndani yake kama vinanda vya makanisa ya zamani, wala haina chipu za kompyuta kama chako. Ina mota inayozungusha mhimili wenye magurudumu madogo ya chuma, 91 kwa jumla, yenye meno pembeni kama gia za baiskeli. Kila gurudumu linapita mbele ya sumaku yenye waya, na kila jino likipita linatikisa umeme kidogo. Gurudumu lenye meno mengi hutoa noti ya juu, lenye meno machache hutoa ya chini. Ukibonyeza kibao hutengenezi sauti. Unafungua mlango wa sauti ambayo tayari inazunguka mle ndani tangu ulipowasha. Ndiyo maana hata ukigonga kwa nguvu au kwa upole, sauti ni ileile. Nguvu na ulaini viko kwenye mguu wa kulia, kwenye pedali ya kupandisha na kushusha sauti. Mpiga Hammond anapumua kwa mguu.

Juu ya vibao kuna vijiti vya kuvuta, vimepangwa tisatisa. Kila kijiti kinaongeza sauti ya kimo fulani juu ya noti uliyobonyeza, kuanzia 0 kilipozama mpaka 8 kilipovutwa chote. Ni kama mpishi wa pilau na vikopo vyake tisa vya viungo. Mpangilio wa Jimmy Smith ulikuwa vitatu vya mwanzo vimevutwa mpaka mwisho na sita vilivyobaki vimezama, na juu yake kitufe kinachoongeza mlio mdogo wa kugonga mwanzoni mwa noti, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko. Halafu kuna ule mkwaruzo, "tik", kila kibao kinapogusa nyaya. Waliounda Hammond waliuona ni kasoro, wakahangaika kuupunguza. Wapigaji wa jazz wakaupenda, kwa sababu unaifanya ogani iseme kama ngoma. Siku hizi vinanda vya kompyuta vina kitufe maalumu cha kuuongeza.

Kitu cha pili kinachozunguka ni spika. Inaitwa Leslie, kwa jina la aliyeibuni, Don Leslie. Ni kabati la mbao. Juu ndani yake kuna tarumbeta la plastiki linalozunguka, chini kuna pipa linalozunguka chini ya spika ya besi. Umewahi kusimama kando ya barabara ya Iringa basi likipita huku limebonyeza honi? Linapokuja honi inapanda, likishapita inashuka. Fikiria basi hilo linapita mbele yako, linazunguka nyuma, linarudi mbele tena, karibu mara 400 kwa dakika. Hiyo ndiyo kasi ya juu ya Leslie. Kasi ya chini haifiki mizunguko 50 kwa dakika, na inafanya sauti ielee tu kama kanga kwenye kamba. Mpigaji ana swichi ya kubadili kasi, na kwa kuwa tarumbeta ni jepesi na pipa ni zito, havifiki pamoja: la juu linawahi, la chini linajikokota. Sekunde zile chache za kupanda, kodi ikiwa imeshikiliwa, ndizo zinazomfanya mtu asimame ukumbini. Auger anazitumia kwa ubahili.

Niliwahi kusaidia kuipandisha Hammond ghorofa ya pili katika hoteli moja ambayo sitaitaja, lifti ikiwa mbovu. Pamoja na benchi na pedali zake, B-3 inakaribia kilo 190, na Leslie ni mzigo wa pekee. Tulikuwa wanaume sita. Tulipofika juu meneja akatuambia harusi imehamishiwa bustanini. Toka siku ile ninaelewa kwa nini vinanda vyepesi vya miaka ya sabini vilishangiliwa hivyo, na kwa nini kufikia katikati ya miaka hiyo kampuni ya Hammond yenyewe iliacha kutengeneza ogani za magurudumu.

Hapo tunaingia kwenye swali lako la redio. Bendi hii ilizama kwa sababu kadhaa zilizokutana. Ile ya kukaa kati ya rafu mbili, ya jazz na ya roki, nimeshaisema, ingawa inanichekesha kwamba Closer to It! iliingia kwenye orodha za mauzo za Marekani za pop, za jazz na za muziki wa watu weusi kwa wakati mmoja. Ukimilikiwa na watu watatu, hakuna anayekupeleka shule. Halafu, jazz ya umeme iliyopata majina makubwa miaka ile, Mahavishnu Orchestra, Weather Report, Return to Forever, karibu yote ilikuwa haina mwimbaji, na waandishi walipokuja kuandika historia waliipima kwa wepesi wa vidole. Oblivion Express ilikuwa na mwimbaji na ilikuwa na dansi. Vitu viwili ambavyo wewe na mimi tunavihesabu kuwa sifa vilihesabiwa kuwa upungufu. Nyumbani Uingereza hawakuwajali sana. Kazi nyingi ilikuwa Marekani, na katikati ya miaka ya sabini Auger akahamia California moja kwa moja.

Na sababu ya mwisho ni kwamba bendi ilikuwa shule, na wanafunzi wakahitimu. Chukua wapiga dramu tu. Robbie McIntosh, Mskoti wa Dundee, aliondoka kwenda kuanzisha Average White Band. Tarehe 23 Septemba 1974, katika sherehe moja Los Angeles, alivuta unga aliodhani ni kokeini kumbe ni heroini, akafariki akiwa na miaka 24. Miezi michache baadaye, Februari 1975, wimbo waliokuwa wamerekodi naye, Pick Up the Pieces, ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Aliyechukua kiti chake ni Steve Ferrone, na Ferrone naye alikuwa ametoka wapi? Oblivion Express, ndiye anayepiga kwenye Straight Ahead ya mwaka 1974. Ferrone akaja kuwa miaka mingi na Tom Petty. Jim Mullen akaunda kundi na mpiga saksofoni Dick Morrissey. Ligertwood alirudi kwa Auger, halafu akachukuliwa na Santana mwishoni mwa miaka ya sabini. Ile sauti ya Winning, wimbo wa Santana wa mwaka 1981, ni yake. Kwa hiyo ukiniambia hujawahi kuwasikia redioni nakukatalia. Umewasikia sana, kwa majina mengine.

Hata wimbo kutoka kanda yako umewahi kuondoka nyumbani. Happiness Is Just Around the Bend, mtungo wa Auger, ulichukuliwa mwaka 1974 na The Main Ingredient, kundi la soul la New York, na kwao ukapendwa kuliko ulivyopendwa kwake. Mwimbaji wao, Cuba Gooding, baba wa yule mwigizaji, aliurudia tena peke yake miaka ya themanini kwa mtindo wa disko. Wengi walioucheza hawakujua kuna mzungu na Hammond yake nyuma yake. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya themanini, vijana wa vilabu vya London walianza kuzifukua santuri hizi za Auger sokoni na kuwachezea watu usiku, na muziki walioupa jina la acid jazz umetoka kwa kiasi kikubwa kwenye mkono ule wa kushoto.

Sasa kinanda chako cha plastiki. Usikidharau. Tafuta sauti za ogani, na kama kuna yenye maneno "drawbar" au "rock organ" anza nayo, uache zile za kanisa zenye mwangwi. Zima uwezo wa kibao kusikia nguvu za kidole, ili kila noti itoke sawa. Ondoa kabisa mguu kwenye pedali ya kurefusha sauti, ile ya piano. Hili ndilo kosa la wapiga vinanda wote wa kanisani, nami nilikuwa mmoja wao. Hammond hairefushi chochote. Noti inakufa papo hapo kidole kikiinuka, kwa hiyo unganisha kwa kuteleza, kidole kimoja hakiondoki mpaka kingine kimefika. Kisha nunua au azima pedali ya sauti, uiweke chini ya mguu wa kulia, na uizoee mpaka usahau kwamba ipo. Kinanda kikiwa na kitufe cha rotary, kiweke polepole na ukiguse mara moja tu kwa wimbo mzima, kwenye kilele. Mwanafunzi anayekigusa kila baada ya sentensi nampokonya.

Kwa zoezi, chukua kodi mbili tu, Am7 na D9, kila moja mapigo manne. Mkono wa kushoto ukate kodi kwenye "na" katikati ya mapigo (ukihesabu "moja na mbili na"), mfupi kama mtu anayeng'ata mua. Mkono wa kulia usipige chochote kwa wiki nzima. Najua utaona ni adhabu.

Kuhusu santuri za kutafuta baada ya hiyo: Second Wind kwa ajili ya Ligertwood, halafu Live Oblivion, Vol. 1, iliyorekodiwa jukwaani katika klabu ya Whisky a Go Go, Los Angeles, Ligertwood akiwa amerudi. Ile ya kwanza kabisa iache mpaka utakapokuwa na hamu ya kelele. Happiness Heartaches ya mwaka 1977 ina wapigaji wakubwa, hata Lenny White wa Return to Forever yumo, lakini mimi huwa naizima katikati.

Kanda yenyewe uitunze. Imekaa sanduku moja na hewa ya bahari miaka mingi, kwa hiyo kabla ya kuicheza tena izungushe mbele mpaka mwisho na uirudishe yote, taratibu, ili ijiachie. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Na inakili haraka kwenye kompyuta, maana kanda za namna hiyo hukatika siku unayotaka kumwonyesha mtu.

Jambo moja hukuniambia. Kanda ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na Closer to It! inaenea upande mmoja tu. Watu wa enzi hizo hawakuacha upande mtupu. Ukigeuza ukakuta nyimbo tano, mmoja wao mrefu sana na hauna mwimbaji, ogani inatembea taratibu kama mtu aliyelipwa mshahara, basi huo ni Bumpin' on Sunset wa Wes Montgomery, na upande huo ni Straight Ahead. Geuza, usikilize, uniandikie.